Hayakuwa Mawese, Ilikuwa Oili ya Steringi

Najua mshikaji wangu ameshaniwahi kuwasimulia. Tangu juzi jioni simu haipoi: "Eti umemmwagia baba mdogo wako mawese siku ya mahari?" Wakuu, hayakuwa mawese. Ilikuwa oili ya steringi, ile inayofanya usukani uwe mwepesi. Mawese angalau yanalika.

Mnaonifahamu mnajua kigari changu kimekuwa kikilia mwezi mzima. Ukienda moja kwa moja, kimya. Ukikata kona, hasa wakati wa kuegesha, "ng'uuuuu", kama ndama aliyeachwa zizini. Nilishabadilisha tairodi, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu ukikata usukani. Nikabadilisha na stabilaiza linki, vile vifimbo vya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Spea hizo zikichoka zinagonga, kwa-kwa-kwa, haziombolezi, lakini hilo nimelijua leo. Wakati ule nilikuwa fundi wa kujifunzia kwenye video za simu, na fundi wa video hana wa kumuuliza. (Nyie wenye steringi za umeme zisizotumia oili, tangulieni, tutawakuta mbele.)

Basi Jumamosi tunatoka Buhongwa kwenda Sengerema kwa wakwe. Baba mdogo ndiye msemaji wetu, kanzu nyeupe pee, pasi imesimama kama wembe. Shangazi na kapu lake. Mshikaji. Mimi bwana harusi mtarajiwa kwenye usukani. Tulipokata kulia pale Usagara, tukiiacha barabara ya Shinyanga, gari likaguna hadi mbuzi mmoja pembeni akaitikia.

Shangazi akauliza, "Baba, huko mbele mmebeba nini?"

Baba mdogo akasema yeye haingii ukweni na gari lenye msiba. Nisimame.

Nikafungua boneti. Oili ya steringi kwenye kichupa chake, ambayo inatakiwa iwe nyekundu na imetulia, ilikuwa ya pinki, povu tupu, kama tikiti lililosagwa na maziwa. Fundi yeyote akiona povu lile anajua kuna mahali hewa inaingia. Mimi nikasema kwa sauti, wazee wasikie: "Aah, imepungua tu!" Nilikuwa na lita moja kwenye buti. Nikakata chupa ya maji, nikaigeuza faneli. Mshikaji nikamkalisha kwenye usukani: "Washa. Kata kushoto mpaka mwisho, rudi kulia, tutoe hewa."

Hapa twende polepole, maana ndipo mnaponichekea.

Injini inaunguruma. Mimi namimina. Baba mdogo anasogea, mikono nyuma, anainama, uso wake uko sawasawa na mkanda unaozungusha pampu ya steringi. Anasema, "Hebu niwaone vijana wa siku hizi mna..." Hapo mshikaji, ambaye sehemu hii hakuwasimulia, akapiga resi. Nikashtuka. Faneli ikalala ubavu. Nikaiona oili ikiteremka, na nikaona kwamba haiendi chini. Inaenda kwenye mkanda, na mkanda unazunguka. Mnajua baiskeli isiyo na madigadi ikipita kwenye tope, mgongo wa mwendeshaji unavyopigwa mstari? Ndio ule. Mstari mmoja mwekundu, kama umepimwa kwa rula: ukaanzia kitovuni, ukapanda kifuani, kidevuni, puani, ukaishia juu ya kofia. Na nukta tatu za nyongeza kwenye miwani.

Baba mdogo hakusogea. Alifunga mdomo. Akaufungua. Akaonja bila kukusudia, akatema.

Mshikaji kwa woga akazima injini. Kumbe ukizima, ile hewa iliyobanwa ndani ya mfumo inaachiwa. Kichupa kikafurika kama uji uliosahauliwa jikoni, kikachuruzika mpaka kwenye viatu vya mzee.

Bodaboda watatu wakaja kutoka kijiweni. Mmoja akauliza, kwa heshima kabisa, "Poleni mzee. Mmegonga nani?"

Shangazi akapiga maji ya kunywa na sabuni, mstari ukawa ziwa. Enzi za kivuko pale Kigongo tungekaa kwenye foleni, kanzu ikafuliwa na kukauka. Tangu Juni 2025 kuna daraja, kilomita 3 za maji tukazimaliza kabla sijapata uongo wa kuwaambia wakwe. Halafu mkanda ukilowa oili unateleza, na ukiteleza unapiga mayowe. Kwa hiyo tuliingia uani kwa mkwe kwa sauti mbili, moja inaguna na nyingine inapiga kelele, na kiti cha mbele kuna mzee kama ametoka machinjioni. Baba mdogo alizungumza akiwa amejifunga khanga ya shangazi. Mahari ilipokelewa. Mkwe alicheka mpaka akashika ukuta, na sasa ananiita Fundi. Yaliyobaki hayawahusu.

Leo nimempelekea gari fundi wa kweli, kule Nyakato. Dakika mbili tu. Hosi laini inayotoka kwenye kichupa kwenda kwenye pampu, klipu yake imelegea. Upande ule pampu inavuta, kwa hiyo badala ya oili kumwagika nje nikaiona, hewa ndiyo ilikuwa inaingia ndani. Klipu mpya, shilingi 1,500. Bei ya tairodi na linki siitaji, mchumba anasoma hapa. Mkanda nao kaubadilisha.

Kilichobaki ni kutoa hewa: unanyanyua magurudumu ya mbele, injini imezimwa (imezimwa!), unazungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho mara nyingi, unaangalia kichupa, unaongeza. Fundi alitaka 15,000. Nikamwambia kazi hiyo naiweza mwenyewe.

Kwa hiyo wewe msambazaji wa mawese, gari liko hapa uani tangu mchana, boneti wazi, linasubiri. Jeki yangu unayo wewe.