Vita vya Lincoln na mama aliyeshika funguo

Watu wakizungumzia vita vya kugombea kiti cha enzi cha Uingereza, hukimbilia Hastings, 1066. Wengine watakutajia Bosworth ya 1485, alikouawa Richard III. Mimi nasema vita vya Lincoln, mji wa Uingereza, vya tarehe 20 Mei 1217, vinastahili kutajwa kabla ya Bosworth, na jina la kwanza humo liwe la mwanamke, Nicola de la Haye.

Makabaila waliokosana na Mfalme John baada ya Magna Carta, hati ya 1215 iliyouwekea mipaka uwezo wa mfalme, walimwita Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, aje atwae taji. Alikuja 1216, London ikampokea kama mfalme wake. Oktoba mwaka huo John akafa, akamwachia ufalme mtoto wa miaka 9, Henry III.

Mji wa Lincoln uliangukia mikononi mwa watu wa Louis, lakini ngome yake ikawashinda. Ndani alikuwamo Nicola, msimamizi wa ngome hiyo, mjane aliyevuka miaka 60. Kuzingirwa hakukuwa kugeni kwake, kwani mwaka 1191 aliilinda ngome hiyohiyo kwa siku zipatazo 40. John alipomtembelea, Nicola alitoka langoni na funguo, akamwambia kwamba umri umekwenda na mzigo umemzidi. John hakuzipokea. Mama yule akarudi nazo ndani. Napenda sana kisa hicho, kwa sababu mitambo ya kurusha mawe ilipokuja kuipiga ngome ile, ni yeye huyo aliyechoka ambaye hakufungua lango.

Alishikilia mpaka alipofika William Marshal, mzee wa miaka kama 70, akiliongoza jeshi la mfalme mtoto. Wapiga mishale wakapenyezwa ngomeni, wakawamiminia maadui mishale kutoka juu, huku Marshal na wapanda farasi wake wakivamia mji. Kiongozi wa Wafaransa, kabaila wa Perche, aliuawa kwa ncha iliyopenya tundu la jicho la kofia yake ya chuma. Kabla mwaka haujaisha, Louis alikuwa amekubali kuondoka.

Sisemi ushindi ule ulikuwa safi. Jeshi la mfalme liliupora mji, makanisa hayakusalimika, na wanawake waliokimbia na watoto wao kwa mashua zilizojaa kupita kiasi walizama mtoni. Anayevisifu vita hivi na kuuacha unyama huo anawadhulumu watu wa Lincoln.

Nicola naye alidhulumiwa. Siku 4 tu baada ya ushindi alinyang'anywa madaraka, yakakabidhiwa kabaila wa Salisbury, ami yake mfalme, mtu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amejiunga na Louis! Aliyesaliti akatuzwa, aliyevumilia mawe akaambiwa apishe. Nicola hakunyamaza. Alikwenda mwenyewe kwenye baraza la mfalme kudai ngome yake, akarudishiwa, na akaishika hadi 1226.