Spika Moja, Masikio Mawili

Jamani, nauliza kwa heshima zote: ni kikao gani kilichopitisha kwamba spika za studio ziuzwe moja moja? Nimefungua boksi, nimetoa nailoni, nimetoa kijitabu chenye lugha zote isipokuwa yangu, mkono ukarudi ndani kutafuta ya pili, ukagusa kadibodi. Nikaligeuza, nikalitikisa. Kumbe pembeni kabisa, kwa herufi ndogo ndogo, wameandika: kipande kimoja. Mbona viatu hawauzi mguu mmoja?

Na waya haumo. Ah, waya huwa haumo.

Mimi haja yangu ilikuwa ndogo. Kile chumba cha nyuma, jioni nichanganye nyimbo mbili tatu, nikijisikia nirekodi na sauti yangu, ambayo wanaojua wanaisifu. Watu wakasema usinunue kienyeji, tafuta mtaalamu. Basi akaletwa kijana mmoja mpole, heedifoni shingoni. Shikamoo mzee, marahaba, karibu kiti. Kiti hakukitaka. Akasimama katikati ya chumba akapiga kofi. Pa! Akainamisha kichwa, akasikiliza. Na mimi nikasikiliza, maana nilidhani kuna kinachokuja. Akaenda kwenye kona, pa! Akachuchumaa, pa! Mama watoto akachungulia mlangoni. "Mnampongeza nani?"

"Chumba chako kinadanganya, mzee," kijana akasema.

Nimekaa na chumba hiki miaka na miaka, sijawahi kukikamata na uongo. Akanifafanulia kwamba besi hujirundika kwenye kona, kwa hiyo spika nisizisukumie huko, na kwamba kichwa changu na spika mbili lazima vikae kwenye pembetatu ya pande sawa, tweta, vile vispika vidogo vya sauti za juu, zikiwa usawa wa masikio. Akatoa futi. Akanikalisha, akanipima kutoka sakafuni hadi sikioni, mtu mzima mimi, mwenye wajukuu. "Usijikunje, mzee." Nikanyooka. "Sasa umenyooka sana. Kaa unavyokaa siku zote." Jamani, ninavyokaa siku zote nakujua mimi? Akapima tena. Masikio yangu, nimearifiwa, hayalingani. Kitanda cha wageni kikatolewa, kabati likahamia ukumbini, nikajitutumua nikataja trei za mayai nilizokusanya nizibandike ukutani. Akanitazama kwa huruma. Trei za mayai hazigusi besi, wala hazizuii sauti kutoka nje. Zinatakiwa paneli nene za kunyonya sauti, tena kwenye kona zote. Kona zenyewe ndizo zile alizozipigia makofi.

Nikauliza, basi spika nzuri ni ipi?

"Unataka ikufurahishe, au ikuambie ukweli?"

Katika umri huu nani ananunua ukweli? Eti spika za sebuleni hutia chumvi, huvimbisha besi na kung'arisha sauti za juu, lakini monita, yaani spika ya studio, inakupa wimbo ulivyo. Akanitolea mfano wa Yamaha NS-10, iliyotoka mwaka 1978 ikajaa kwenye studio kubwa kubwa, na sifa yake haikuwa utamu. Mafundi walisema muziki ukikubalika humo, utakubalika popote. Yaani kuna watu walijilipia wenyewe ili wasifurahi.

Maikrofoni ndiyo usiseme. Ya kondensa inataka volti 48 kutoka kwenye intafesi, kile kiboksi cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta, na ikishashiba hizo volti inasikia feni, inasikia mbwa wa mtaa wa pili, inasikia na magoti yangu. Nikamuuliza, na ile ya jukwaani, SM58, iliyopo tangu 1966, haina makuu? "Hiyo nayo ingekufaa mzee, chumba chako kina kelele." Sasa si ungesema kabla hujahamisha kabati!

Heedifoni za kuziba ni za kurekodia na za u-DJ, za wazi ni za kuchanganyia. Kichwa kimoja, jozi mbili. Kontrola ya DJ ina sahani mbili nzuri sana zisizocheza sahani yoyote, ni za kuikwaruza kompyuta. Afadhali ile mashine ya santuri, Technics SL-1200 ya 1972, mota inazungusha yenyewe bila mkanda, unaona kitu kinazunguka, unajua hela yako iko pale.

Ila kinachonimaliza ni matundu. Intafesi ina tundu la jeki kubwa, mikisa ya DJ inatoa kwa RCA, vile vya nyekundu na nyeupe nyuma ya televisheni, maikrofoni inataka XLR yenye meno matatu, heedifoni ina kijeki cha milimita 3.5. Ile jeki kubwa ya milimita 6.35 imerithiwa kutoka kwenye mbao za kuunganishia simu za karne ya 19, na hadi leo gitaa linaivumilia. Simu zenyewe ndizo zimeikimbia! Siku hizi simu mpya nyingi hazina hata kile kitundu kidogo, unapewa kiadapta chenye urefu wa kidole, na kiadapta hakikai ndani ya nyumba yenye watoto. Changu kilikuwa juu ya friji. Nimewauliza wote, mmoja mmoja. Kila mmoja anajibu, "Kipi?" Kipi! Kilichokuwa juu ya friji! "Cheupe au cheusi?" Kwa hiyo vilikuwa viwili?