Igoma si mahali pa kusherehekea

Mwezi Mei nilikuwa kwenye daladala kutoka Kisesa kuja mjini Mwanza, tumekwama Igoma, redio ya gari iko juu. Mtangazaji akasema, "Leo tunasherehekea kumbukumbu ya MV Bukoba." Mama aliyekaa pembeni yangu akageuza uso dirishani. Sijui alipoteza nani. Mimi nilimpoteza mjomba, aliyeipanda meli hiyo bandari ya Kemondo usiku wa kuamkia tarehe 21 Mei 1996, siku ilipozama Ziwa Victoria, na sentensi ile bado imenikaa kooni.

Tusherehekee nini? Sherehe ni ya harusi, ya mtoto aliyefaulu, ya mavuno. Msibani tunakwenda kuhani, tunakaa matanga, tunasoma hitima au kusali misa. Anayesema "maadhimisho" namvumilia kwa shida, maana neno hilo lina adhama ndani yake na marehemu anastahili heshima. Lakini sherehe, hapana. Nitaambiwa lugha inakua. Inakua, sawa, ila isikue kwa kukanyaga makaburi.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi tunavyochanganya kumbukumbu na ukumbusho. Kumbukumbu inatokana na kukumbuka. Ni ya mtu, anayo moyoni, na ikiandikwa inakaa kwenye faili, ndiyo maana barua ya serikali ina "Kumb. Na." juu yake. Ukumbusho unatokana na kukumbusha, na huwezi kukumbusha hewa. Lazima awepo anayekumbushwa na liwepo analokumbushwa. Mnara wa pale Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa na meli ile, ni ukumbusho. Basi nauliza: unamkumbusha nani, na unamkumbusha nini?

Mimi mfiwa sihitaji mnara ili nikumbuke. Anayeuhitaji ni anayekata tiketi, anayefungua geti la gati, anayesaini kwamba chombo kiko sawa. MV Bukoba ilizama karibu na Bwiru, watu wakiwa wamekaribia kabisa kufika nyumbani, ikiwa imejaza kupita kiasi. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa kwenye orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na mjomba alikuwa daraja la tatu. Kumbukumbu za ofisini hazikumjua. Kumbukumbu yake tukabaki nayo sisi.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipinduka kikiwa kinakaribia kutia nanga kisiwa cha Ukara, ziwa lilelile. Walikufa watu 228. Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi na kila mara inanitoa machozi: waliokufa peke yao ni zaidi ya mara mbili ya waliotakiwa kupanda. Mnara ulikuwepo Igoma siku zote hizo. Kumbukumbu tulikuwa nazo. Aliyepaswa kukumbushwa hakukumbushwa, na sisi tukaendelea kupeleka mashada.

Mama yangu hatumii neno lolote kati ya haya. Kila Mei hubeba jembe dogo na dumu la maji, akapanda gari mpaka Igoma. Hajui kaka yake kalazwa wapi katika makaburi yale, kwa hiyo hupalilia yote ambayo nguvu zake zinafika. Jioni akirudi, miguu imejaa vumbi, tukimuuliza alikuwa wapi hujibu, "Nilikwenda kumwona kaka."