Ukungu wa kununua dukani

Mkulima wa nyanya kandokando ya Ziwa Victoria, awe wa Ilemela au wa Magu, anaufahamu ukungu kama adui. Mvua ikikaza siku mbili tatu, majani yanapata mabaka, na wiki haiishi shamba limeungua. Sasa mwambie atoe pesa anunue ukungu, aujaze kwenye bomba, akaupulizie mwenyewe. Atakudhania umelewa.

Ila ukungu si mmoja. Ipo kuvu isiyoidhuru nyanya hata kidogo. Chakula chake ni wadudu. Zinazojulikana zaidi ni Metarhizium na Beauveria. Vijimbegu vyake hunata kwenye ngozi ya mdudu, vikaota, vikatoboa na kumla kwa ndani. Akishakufa, hewa ikiwa na unyevu, mzoga hufunikwa na unga, mweupe kwa Beauveria, wa kijani kwa Metarhizium. Wala si jambo la jana: Agostino Bassi wa Italia alilionyesha mwaka 1835 kwa viwavi wa hariri. Kwetu Tanzania, mwaka 2009 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilitumia Metarhizium kuzima nzige wekundu Iku-Katavi, bonde la Ziwa Rukwa na Malagarasi. Nayo icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu yenye kituo Mbita, ng'ambo ya ziwa upande wa Kenya, imechagua aina za Metarhizium ambazo leo zinauzwa kama dawa.

Wanaoitetea kuvu wana la kusema. Kantangaze, kiwavi anayeshambulia nyanya, huzoea sumu upesi, na mkulima hujibu kwa kuongeza kifuniko cha pili cha dawa, kisha cha tatu. Mvua ikinyesha, sehemu ya sumu hiyo hufuata mifereji hadi ziwani tunakovua dagaa. Nyanya iliyopigwa dawa jana, leo imo kwenye tenga kuelekea sokoni, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa hakuna aliyezihesabu. Kuvu ingetupunguzia hayo yote.

Tatizo ni bustani yenyewe. Jua la Mwanza huua vijimbegu vilivyo juu ya jani kwa muda mfupi, kwa hiyo inabidi kupuliza jioni, saa ambayo wengi wameshafunga kazi. Mdudu naye hafi papo hapo. Huchukua siku kadhaa, pengine wiki, huku bado anatafuna. Aliyezoea kuona viwavi wakidondoka kabla hajafika mwisho wa tuta atasema ameuziwa maji. Na dukani? Dawa hii inataka ubaridi, wakati maduka mengi ya pembejeo hayana friji, au friji ipo na imejaa soda.

Hayo yote yanavumilika. Linaloniogopesha zaidi ni mazoea ya kuchanganya. Mkulima wa nyanya hutia dawa ya wadudu na dawa ya ukungu kwenye bomba moja, apulize mara moja, amalize. Ni akili nzuri ya kuokoa muda na nguvu, lakini dawa ya ukungu haibagui. Dawa kama mankozebu inaweza kuiua kuvu uliyoinunua kabla haijamgusa hata mdudu mmoja, ukawa umelipa mara mbili kwa kazi isiyofanyika.

Ndiyo maana mimi nisingeanzia kwenye nyanya. Ningeanzia kwenye matuta ya viazi vitamu. Fukusi, mdudu mharibifu wa viazi hivyo, hupita kwenye nyufa za udongo kukifuata kiazi, na kiazi alichokitoboa huwa kichungu, hakifai michembe wala matobolwa, yaani viazi vya kukausha. Udongoni hakuna jua la kuunguza kuvu, unyevu hudumu, na viazi kwa kawaida havipigwi dawa ya ukungu. Kweli, funza aliyekwisha kuingia ndani ya kiazi haguswi. Anayepatikana ni fukusi mkubwa akiwa njiani, kwa hiyo kuziba nyufa kwa kupandishia udongo hakukwepeki. Pa pili ni chini ya miembe na michungwa, maana funza wa inzi wa matunda hujidondosha ardhini ili wageuke kuwa inzi.

Wapo pia wanaojaribu kuipaka mbegu kuvu hiyo ili iishi ndani ya mmea na kuukinga. Matokeo yamekuwa ya kupanda na kushuka. Pesa ya mkulima isitangulie huko.

Nyanya zitapata zamu yake siku muuzaji wa pembejeo, kabla hajapokea pesa, atakapouliza: "Wiki hii umepiga dawa ya ukungu?"