Faili ambalo halijaisha lisipewe jina la faili zima

Kinachoniudhi kwenye programu za kudanlodi sio spidi ndogo, spidi navumilia, ni ile programu inayokwambia tayari wakati sio tayari. Mtandao unakata kwenye asilimia 93, programu inaliacha faili na jina lake kamili kabisa, video.mp4, unaliona kwenye foda limetulia tu, siku unalihitaji sasa ndo linagoma kufunguka.

Na kugoma kunatofautiana. Picha ya JPEG iliyokatika mara nyingi inafunguka juu, chini inakuwa kijivu, angalau tatizo unaliona kwa macho. Ila faili la zipu, yaani mafaili kadhaa yaliyobanwa kuwa moja, orodha ya vitu vilivyomo inakaa mwishoni kabisa mwa faili, kwa hiyo ukikosa kale kakipande ka mwisho tu programu nyingi zinakataa kulifungua, hata kama karibu kila kitu kimeshaingia kwenye simu yako. MP4 nyingi nazo ndo hivyo hivyo.

Kwa hiyo jina la muda kwangu ni lazima, sio mapambo. Firefox inaweka .part, Chrome inaweka .crdownload, jina halisi linakuja kazi ikishakamilika. Na ukubwa usikudanganye, maana programu zinazokata faili vipande na kuvishusha kwa mpigo nyingi zinatenga nafasi yote mapema, unaona GB 2 kamili kumbe ndani kumejaa sifuri tupu. aria2, programu mojawapo ya kudanlodi, inaweka pembeni kafaili kenye mwisho wa .aria2 kanakokumbuka kipi kimeshuka na kipi bado, sasa mtu anakaona anadhani ni takataka anakafuta, basi, kumbukumbu yote imeenda.

Tuje kwenye kuendelea pale ulipoishia, hapa ndo programu nyingi zinaharibu. HTTP, lugha ambayo programu inaongea na seva, yaani kompyuta inayotoa faili, ina kitu kinaitwa Range tangu miaka ya 1990, programu inaiomba seva ianzie baiti fulani, seva ikikubali inajibu kwa namba 206, yaani inaleta kipande ulichoomba tu, ikijibu 200 maana yake inakuletea faili lote toka mwanzo. Programu iliyoandikwa kizembe inapokea hiyo 200 alafu inabandika tu kwenye kipande cha zamani, mwisho wa siku unapata faili kubwa kuliko lenyewe na halina kazi. Na hata 206 peke yake haitoshi jamani, labda jana usiku wamepandisha toleo jipya kwa jina lile lile, ukiunga nusu ya jana na nusu ya leo ni sawa na kushona nusu shati kwenye nusu suruali. ETag, alama ambayo seva inalipa kila toleo la faili, na If-Range, mstari wa kuirudisha alama hiyo kwa seva, zipo kwa ajili hiyo, unaiambia seva kama faili bado ni lile lile nipe kilichobaki, kama limebadilika nipe lote. Ni mstari mmoja kwenye ombi! Sioni kabisa sababu ya mtengenezaji kuuacha.

Kuna wengine nao wamepitiliza upande wa pili, kosa dogo tu wanafuta kila kilichoshuka. Hapana. Hizo MB ni za mtumiaji, kazilipia, muulize kwanza. curl kwa mfano, programu ya kudanlodi kwa kuandika amri, muunganisho ukifungwa kabla baiti zote hazijafika inatoka na kosa namba 18, inasema wazi kwamba faili ni pungufu, na kilichofika kinabaki.

Kingine ambacho naona kinasahaulika sana ni linki za muda. Unasimamisha usiku, asubuhi ukiendelea seva inajibu 403, yaani huruhusiwi, kwa sababu linki imeisha muda, na programu inakuandikia imeshindikana basi. Niwekeeni sehemu ya kubandika linki mpya kwenye kazi ile ile, programu ilinganishe ukubwa, ilinganishe na ETag kama ipo, vikipishana iniulize, vikifanana iendelee. Na mwenye faili akiwa ameweka SHA-256, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili zima kama alama yake ya kidole, ihakikishe hiyo kabla ya kuondoa lile jina la muda.