Shujaa wa Gemu Aseme, au Amwachie Mchezaji?

Mwaka 2015 kampuni ya Bethesda ilitoa Fallout 4, na kwa mara ya kwanza katika mfululizo mkuu wa gemu hizo mhusika wa mchezaji akawa na sauti. Brian T. Delaney alimsemea ukicheza kama mwanamume, Courtenay Taylor ukicheza kama mwanamke, na kila mmoja alirekodi mistari zaidi ya 13,000. Miaka minane baadaye kampuni hiyo hiyo ikatoa Starfield, na shujaa wake hatamki neno katika mazungumzo. Watengenezaji wamesimulia kwamba hapo mwanzo walikusudia kumpa sauti, kisha wakaghairi. Kampuni ile haikukosa fedha za kuwalipa waigizaji. Ilikuwa imekwisha kuonja upande mmoja, na ikachagua kurudi upande wa pili.

Kwa wasiozicheza, RPG ni gemu ambamo mchezaji huingia katika nafasi ya mhusika fulani. Mara nyingi humchagulia jina, sura, jinsia na tabia, halafu humwamulia aseme nini kwa kuteua jibu kwenye skrini. Mzozo ni kama jibu hilo litamkwe na mwigizaji au libaki maandishi. Nairobi wanaozicheza ni wachache wakilinganishwa na wapenzi wa gemu za kandanda. Kwenye vibanda vya gemu mtu hulipia mechi au muda, na hakuna awezaye kuanzisha hadithi ya saa sabini huku wenzake wakingoja zamu. RPG huchezwa nyumbani, usiku, kwenye laptopu ya mtumba, na mtu mmoja anayeishi na mhusika wake kwa wiki nyingi. Ndiyo maana wanaozipenda hubishana kwa uchungu juu ya jambo ambalo wengine wangeliona dogo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: gemu ikiniambia nimuumbe mtu wangu mwenyewe, nataka inyamaze unapofika wakati wake wa kusema. Lakini hoja za wanaotaka sauti ni nzito kuliko sisi wapenzi wa ukimya tunavyopenda kukiri.

Chukua Mass Effect, iliyotolewa na BioWare mwaka 2007. Kamanda Shepard anasemewa na Mark Meer au Jennifer Hale, na kazi aliyoifanya Hale katika gemu tatu za mwanzo ni ushahidi mkubwa kuliko hoja yoyote. Anapomwamrisha askari, unasikia uchovu chini ya amri. Anapomfariji mwenzake, sauti inashuka bila kulegea. Maandishi hayawezi kukupa hayo katika sekunde mbili. Tena mazungumzo ni kazi ya watu wawili, na mmoja akiwa hana sauti, mwingine anabaki akiigiza na ukuta. Kila mchezaji ameyaona matukio hayo: kijiji kinateketea, mama analia, rafiki anakata roho, na shujaa wako amesimama ameduwaa kama aliyepotea njia. Yuji Horii, muumbaji wa Dragon Quest, ambaye tangu 1986 amewaacha mashujaa wake bila sauti, alisema mwaka 2024 kwamba kadiri picha za gemu zinavyozidi kufanana na uhalisia, ndivyo shujaa anayesimama tu bila kusema anavyoonekana mjinga. Anayesema hivyo ni mtu aliyejenga jina lake juu ya ukimya.

Kuna pia mashujaa ambao kuwanyamazisha kungekuwa kuwaharibu. Geralt wa The Witcher 3 alitoka katika vitabu vya Kipolandi akiwa na historia, maadui, wapenzi na ulimi wake mkavu. Mchezaji anamwelekeza, hamuumbi. Ukiteua jibu kali au la upole, yote mawili ni majibu ambayo Geralt angeweza kuyatoa, na Doug Cockle anayasema kwa namna ile ile ya kunguruma. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi unaanza pale gemu inapotaka vyote viwili, yaani mtu niliyemuumba mimi na sauti iliyoamuliwa na wao. Tazama ujanja unaotumika kuficha mpasuko huo. Katika Mass Effect unaruhusiwa kuchagua jina la kwanza, lakini ukoo ni Shepard daima, ili kila mtu awe na jina la kukuita bila kurekodi majina ya dunia nzima. Katika Fallout 4 kuna roboti mtumishi aliyefundishwa kutamka mamia ya majina, na jina lako lisipokuwemo, anakuita bwana au bibi. Ni heshima, lakini ni heshima anayopewa mgeni.

Kisha linakuja gurudumu la majibu, yaani majibu yaliyopangwa kwa duara kwenye skrini. Kwa kuwa mwigizaji atasema sentensi nzima, watengenezaji huona vibaya usome sentensi ile ile uliyo karibu kuisikia, kwa hiyo hukupa muhtasari wa maneno mawili matatu. Unateua neno linaloonekana kama swali la kawaida, na shujaa wako anatoa tishio. Unateua utani, yanatoka matusi. Fallout 4 ilizidi kwa kufunga karibu kila zungumzo katika majibu manne, moja kwa kila kitufe. Wachezaji wa kompyuta waliunda nyongeza ya kuonyesha sentensi kamili kabla ya kuiteua, na Todd Howard, mkurugenzi wa gemu hiyo, alikubali baadaye kwamba mfumo ule wa mazungumzo haukufanya kazi vizuri kama walivyotarajia. Unapoona wachezaji wakitengeneza wenyewe njia ya kujua mhusika wao atasema nini, ujue kuna kitu walichonyang'anywa.

Chanzo cha ufinyu huo ni namna kazi yenyewe inavyofanyika. Mstari ulioandikwa tu unaweza kubadilishwa wiki ya mwisho, na mwandishi akikumbuka kwamba mchezaji huenda ni mganga, anaongeza jibu la mganga kwa dakika chache. Mstari wa kusemwa lazima urekodiwe mara mbili, kwa mwanamume na kwa mwanamke, kisha uhaririwe na kuoanishwa na midomo. Ukitaka kuubadilisha, mwite mwigizaji arudi studio. Kwa hiyo mwandishi hujifunza kubana, na vinavyokatwa kwanza ni vile vijibu vya pembeni ambavyo mmoja katika mia atavifikia. Kwangu vijibu hivyo ndivyo RPG yenyewe. Fallout: New Vegas ya mwaka 2010, ambayo shujaa wake hana sauti, inakupa jibu la kitabibu ukiwa umesomea tiba, jibu la fundi wa mabomu ukiwa unayajua mabomu, na ukimuumba mtu mwenye akili kidogo mno, kuna mahali atajibu hivyo hivyo, na watu watamjibu wakijua.

Wapo waliodai kwamba soko la leo haliwezi tena kuvumilia shujaa asiyesema. Baldur's Gate 3 ya studio ya Larian iliwajibu mwaka 2023. Kila unayekutana naye ana sauti, msimulizi Amelia Tyler anakunong'oneza yaliyofichika, ila mhusika wako, zaidi ya vijineno anapotembea au kupigana, anaachwa uyasome maneno yake mwenyewe. Gemu hiyo ilitwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Nakiri kwamba bado kuna nyakati kamera inamvuta usoni naye anakunja kipaji bila neno, na tukio linapwaya. Hoja ya Horii haijafutika.

Jibu ninalolipenda kuliko yote limo katika Disco Elysium, iliyotoka 2019 na kupewa sauti karibu nzima katika toleo la 2021. Mpelelezi unayemcheza amezungukwa na sauti ndani ya kichwa chake: mantiki yake, hofu yake, kiburi chake, karibu zote zikisemwa na Lenval Brown kwa besi nzito isiyosahaulika. Lakini linapofika jibu lake mwenyewe kwa mtu aliye mbele yake, unasoma kimya. Mawazo yana sauti, mdomo ni wako. Walioitengeneza walielewa mahali hasa pa kuweka mpaka.

Sasa nije kwetu, maana kuna upande wa suala hili ambao wachambuzi wa Marekani na Ulaya hawana sababu ya kuugusa. Sauti haiji peke yake, huja na lafudhi, na lafudhi ina kwao. Dragon Age: Inquisition ya 2014 ilijaribu kuwa karimu kwa kutoa sauti mbili kwa kila jinsia, moja ya lafudhi ya Marekani na nyingine ya Uingereza. Mchezaji wa Umoja au Kawangware, hapa Nairobi, atatumia saa nzima kuchonga pua, kusuka nywele na kuchagua rangi ya ngozi, kisha mtu wake akifungua kinywa anatoka ng'ambo. Wengine hawasumbuki, na wana sababu: tumekulia kwenye filamu za Marekani, na lafudhi ile masikioni mwetu imekuwa sauti ya ushujaa wenyewe. Aidha maandishi ya shujaa asiye na sauti nayo ni ya Kiingereza. Tofauti ni kwamba nikiyasoma kimoyomoyo nayapa mwendo wangu, na nusu ya wakati nimeshayageuza Kiswahili kabla sijabonyeza.

Mtu anaweza kunipinga kwa kumtaja DJ Afro. Katika vibanda vya video vya mitaa yetu, sauti yake moja imefunika filamu zisizohesabika, za Kihindi, za Kichina, za Hollywood. Anamsemea staa, anamsemea adui, anamsemea hata mbwa, kwa Kiswahili kilichochanganywa Sheng, na hakuna mtazamaji anayelalamika kwamba ameporwa. Kinyume chake, filamu ya mbali inakuwa ya hapa. Nalikubali hilo kabisa, na ni ushahidi kwamba sauti nzuri huweza kumleta mgeni nyumbani. Ila mtazamaji wa kibandani hakuahidiwa kwamba yeye ndiye staa. Alikuja kusimuliwa. Mchezaji wa RPG aliambiwa aingie mwenyewe.

Siku studio ya Nairobi itakapotengeneza RPG kubwa kwa Kiswahili, swali hili litakuwa gumu kuliko lilivyo kwa Kiingereza. Shujaa aseme Kiswahili cha nani? Akisema sanifu katika hadithi ya mitaa ya Eastlands, atasikika kama msomaji wa taarifa ya habari. Akisema Sheng, itakuwa Sheng ya mtaa mmoja na ya mwaka mmoja. Fikiria tu anavyoingia kwa mzee wa mtaa, na majibu yako matatu ni "Shikamoo mzee", "Habari yako baba" na "Niaje buda". Kabla habari yoyote haijaulizwa, mchezaji amekwisha kusema ametoka wapi, amelelewaje na anamheshimu mzee kiasi gani. Katika maandishi salamu zote tatu zinamkaa mhusika yeyote. Kinywani mwa mwigizaji mmoja, angalau moja itasikika ya kuazima.

Kuna wachezaji ambao ukimya kwao ni mlango uliofungwa, na siwezi kuwapita. Asiyeona vizuri, na anayesoma polepole, wanaihitaji sauti, na kuwaambia kwamba maandishi yanawapa uhuru ni kuwakosea. Kwao gemu iwe na programu inayosoma maandishi ya skrini kwa sauti, ya kuwashwa na kuzimwa, na gharama hiyo ihesabiwe tangu siku ya kwanza.

Baadhi ya watu watasema sauti za akili unde zitamaliza ubishi wote: mashine itatamka kila mstari, kwa kila lafudhi, pamoja na jina lako. Huenda ikaondoa ufinyu wa mistari. Lakini waigizaji wa Marekani, kupitia chama chao cha SAG-AFTRA, waligomea kampuni za gemu kuanzia Julai 2024 kwa karibu mwaka mzima, na kiini cha mgomo kilikuwa hicho hicho, nani anaweza kuiga sauti ya mtu, kwa idhini gani na kwa malipo gani. Hapa kwetu ningechukia kuona waigizaji wa redio na jukwaa wakikosa kazi hii kabla hata haijawafikia. Wapewe makanga, mama mboga, askari, mganga, mzee wa mtaa na wahalifu, na fedha za sauti ziende huko kote.

Na shujaa? Baldur's Gate ya kwanza, ya mwaka 1998, ilikuwa na mpango ambao umesahaulika bure. Unapomuumba mhusika, ulimchagulia seti ndogo ya sauti kwa ajili ya kuitika, kushambulia na kuumia, na uliweza hata kuweka faili zako mwenyewe. Mazungumzo yalibaki maandishi. Leo kila simu ina maikrofoni. Ningeitaka gemu ya Nairobi inayomwomba mchezaji, kabla ya safari kuanza, arekodi vijineno kumi na viwili, "twende", "ngoja kwanza", "nimeumia", "sirudi nyuma", kwa lafudhi ya kwao, na abaki na uwezo wa kuvifuta na kuvirekodi upya akiamua kwamba mtu wake si huyo.