Samuel Butler alikuwa anamcheka nani?

Mwishoni mwa Erewhon, riwaya ya Samuel Butler iliyotoka London mwaka 1872 bila jina la mwandishi, msimulizi anawasihi wasomaji wanunue hisa. Amerudi Uingereza baada ya kuigundua Erewhon, nchi iliyojificha nyuma ya milima, na sasa anataka kuunda kampuni ya kuwaingiza wenyeji wake katika Ukristo. Mpango uko wazi: meli yenye mizinga iende huko, watu wapakiwe, wapelekwe Queensland, Australia, kwenye mashamba ya miwa, na huko wafundishwe dini chini ya mabwana wacha Mungu. Wenye hisa watapata faida, roho zitaokoka. Haoni haya hata kidogo.

Wanaomtetea Samuel Butler kuwa aliukejeli ukoloni huanzia hapo, na wana haki. Sidhani kama aliwahi kuandika kitu kikali kuliko kurasa hizo, na makali yake yanatokana na kwamba hakubuni mengi. Miaka ile ile wenye mashamba wa Queensland walikuwa wakileta vibarua kutoka visiwa vya Pasifiki, wengine kwa hila, wengine kwa nguvu, huku biashara hiyo ikisifiwa kuwa inawastaarabisha. Msomaji wa Uganda naye hatashangaa sana. Kampuni ya IBEA, ya Kiingereza iliyoendesha utawala Uganda wakati huo, ilipoelemewa na gharama mwaka 1891 na kutaka kufungasha virago, wafuasi wa misheni ya Kianglikana ya CMS huko Uingereza ndio waliochanga fedha ili ibaki. Butler alikuwa ameshaichora ndoa hiyo ya Biblia na daftari la mapato miaka 19 kabla.

Upande wa pili una swali moja, nalo ni zito: mtaji wa Butler mwenyewe ulitoka wapi?

Alizaliwa mwaka 1835, mtoto wa kasisi, na ilitarajiwa awe kasisi pia. Akakataa. Baada ya kuvutana na baba yake alipewa fedha, na mwaka 1859 akapanda meli kwenda New Zealand. Huko alitwaa malisho juu kabisa kwenye bonde la mto Rangitata, akayaita Mesopotamia, akafuga kondoo. Alipouza na kurudi London mwaka 1864, fedha zile zilikuwa zimekaribia kuwa maradufu. Faida hiyo ndiyo iliyompa nafasi ya kukaa na kuandika.

Barua alizopeleka nyumbani zilitoka kama kitabu mwaka 1863, A First Year in Canterbury Settlement. Ni kitabu kitamu kwa mtu anayependa mambo ya kazi: gharama za kondoo, namna ya kuvuka mito ya maji ya theluji inayobadili mkondo kila mara, ujenzi wa kibanda. Kinachomshughulisha kuliko vyote ni ardhi ambayo haijachukuliwa. Na kwake, haijachukuliwa maana yake hakuna Mwingereza mwingine aliyewahi kuiandikisha. Eneo kubwa la Canterbury, mkoa huo wa New Zealand, lilipatikana kwa hati ya mwaka 1848, ambayo kwayo watu wa Ngāi Tahu, kabila la Wamaori wenyeji wa huko, walilipwa pauni 2,000 kwa mamilioni ya ekari, na maeneo waliyoahidiwa kubakiziwa hawakuyapata ipasavyo. Madai yao yaliendelea mpaka mwaka 1998, Bunge la New Zealand lilipopitisha sheria ya fidia pamoja na kuombwa radhi. Butler alifika miaka 11 tu baada ya hati kutiwa saini. Jambo hilo halimkoseshi usingizi.

Utetezi upo. Kitabu kilipangwa na baba yake kutokana na barua, na Butler mwenyewe hakukipenda baadaye. Sawa, lakini baba hakupanda Rangitata. Macho yale ya kupima mabonde kwa idadi ya kondoo ni ya mwana. Ndiyo maana kwangu kitabu cha safari ndicho kipimo cha riwaya. Katika Erewhon unaweza kusema kila ujinga ni wa msimulizi, si wa mwandishi. Katika barua hakuna wa kusingiziwa.

Kejeli yake inakata vizuri pale anapogusa kitu alichokikimbia. Huko Erewhon mgonjwa hushtakiwa: kijana mwenye kifua kikuu anasimamishwa kizimbani, hakimu anamsomea hotuba ndefu na kumhukumu kazi ngumu. Mwizi wa fedha, kwa upande wake, anaitiwa mtaalamu, na majirani wanakuja kumpa pole. Kuna benki za muziki, kejeli yake kwa kanisa, majengo ya fahari ambayo kila mtu mwenye heshima huonekana humo, ilhali sarafu zake hazinunui kitu sokoni. Mtoto wa kasisi anajua anachokisema. Hata sura za mashine, zinazohofu kwamba mashine zitakuja kumtawala binadamu na zinazosifiwa sana siku hizi, zilianzia makala aliyoandika katika gazeti la Christchurch mwaka 1863, akiwa bado mfugaji.

Makali yanapungua kwa Chowbok, mwenyeji anayemwongoza msimulizi milimani. Kwenye banda la sufu anapewa pombe ili aseme kuna nini nyuma ya safu ile. Anapanga marobota, anajitupia gunia tupu mabegani, anachuchumaa juu yake huku amekunja uso wa kutisha na kutoa mlio wa kuomboleza. Ni tukio la kuchekesha, na anayechekwa ni yeye: mlevi, mwoga, mwenye sura mbaya. Baadaye msimulizi anambatiza, kwa hesabu kwamba anayemwongoa mwenye dhambi hufunikiwa dhambi zake mwenyewe. Hapo kejeli inamrudia Mzungu. Lakini Chowbok hapewi hata wazo moja la ndani, kama vile Ngāi Tahu wasivyopewa nafasi katika barua.

Hata hivyo, uoga wake una sababu. Kwenye njia ya mlimani yapo masanamu makubwa yenye vichwa vyenye matundu, na upepo ukipita yanaomboleza vile vile alivyoomboleza yeye bandani. Na katika nyongeza ya mwisho, msimulizi akiwa London na kampuni yake isiyo na wanunuzi, anakuta mhubiri aliyetoka Polinesia, Mchungaji William Habakkuk, ametangazwa kuhutubia. Anakwenda kumwona. Ni Chowbok. Msimulizi anakasirika. Mimi nadhani Butler alimdharau mtu huyu tangu ukurasa wa kwanza, kisha akamwachia ushindi pekee wa biashara katika kitabu kizima: mbatizwaji amejipatia jukwaa na wasikilizaji, aliyembatiza bado anatembeza hisa.